Mkono Mzito

Ijara, 28 Septemba 1997

Mwanangu Awil,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi wazima, ila ng'ombe wamekonda na mvua bado. Zahanatini nimebaki mimi na Bishara anayenisaidia. Muuguzi mwenzangu alihamishwa, hajaletwa mwingine.

Watu wanauliza unasomea nini. Nikisema unatazama ubongo wa panya aliye hai, mzee Bare anasema, "Tulimpeleka shule awe fundi wa panya?" Nieleze nijue cha kumjibu. Na je, huyo panya anaumia?

Kuna jambo dogo. Jumatatu nikimchoma mtoto sindano, mkono wa kulia ulikufa ghafla, sindano ikaanguka. Nikataka kumwita Bishara, ulimi ukawa mzito. Baada ya dakika kumi hivi yote yakarudi. Nadhani ni uchovu.

Mama yako,
Abigael

Glasgow, 11 Oktoba 1997

Mama,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu. Mwili wangu mzima, moyo ndio haujatulia.

Mwambie mzee Bare hivi: panya tunamlaza kwa dawa ya usingizi, hasikii kitu. Tunasaga mfupa wa fuvu mpaka unakuwa mwembamba kama ganda la yai, kisha natazama kwa hadubini. Mishipa imegawanyika kama laga, ile mito yetu ya msimu wa mvua, damu inakimbia ndani. Tunaziba mmoja kwa damu iliyoganda, tuone kiharusi kinavyoanza. Wakati mwingine kizibo kinameguka chenyewe, damu inapita tena.

Mama, kilichokupata Jumatatu ndicho ninachokiona hapa. Si uchovu. Mara nyingine kizibo kinachofuata hakimeguki.

Panda lori la kwanza uende hospitali Garissa. Usingoje. Ulinichukua mwaka ule ukame ulipomaliza ng'ombe wetu na mama yangu mzazi akafariki. Sina mwingine.

Mwanao,
Awil

Glasgow, 7 Desemba 1997

Mama,

Salamu, popote ulipo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Redio inasema mafuriko yamekata barabara za Garissa.

Leo sikuweza kuziba mshipa, nikaondoka mezani. Uliondoka kabla ya maji? Niandikie hata neno moja.

Mwanao,
Awil

Ijara, 22 Januari 1998

Mwanangu,

U hali gani? Naandika kwa mkono wa kushoto, Bishara ameshika karatasi. Vumilia herufi.

Barua yako ya kwanza ilifika kabla ya mvua. Niliisoma mara mbili. Lori la Guleid lilikuwa limejaa ng'ombe nyuma, mbele nafasi moja. Nilikuwa nimeshakaa walipomleta Ramlo, siku ya pili ya uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Nikashuka.

"Sista, na wewe?" Guleid akauliza.

"Lori lijalo."

Halikuja. Ramlo alipasuliwa Garissa, yeye na mtoto ni wazima. Mimi, wiki mbili baadaye, mkono ulikufa na haukurudi. Siku tisa sikuweza kusema hata jina la Mungu, na nilisikia yote. Sasa maneno yanakuja moja moja.

Usinikasirikie. Nijibu kama unavyomjibu muuguzi, usinifariji: mkono huu utarudi?

Mama yako

Glasgow, 9 Februari 1998

Mama,

Alhamdulillahi, uko hai. Nilikukasirikia siku mbili. Zimepita.

Umetaka ukweli: sijui. Panya wetu tunawaua saa sita baada ya kuziba mshipa, tuupasue ubongo. Hakuna hata mmoja niliyemwacha aishi nione kama mguu wake utarudi. Miaka miwili nimetazama damu ikisimama, na kinachofuata sikukitazama. Jana nilimwambia profesa hivyo. Akasema, "Waache kumi. Watazame."

Watatazamwa na mwenzangu. Ndege yangu ni tarehe 2 Machi. Mpaka nifike, Bishara akunyooshe vidole, kimoja kimoja, asubuhi na jioni, hata visipojibu.

Mwanao,
Awil