Viatu vya Apollonia

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Barua kutoka Brazili! Ya mwanamke anayeitwa Nilsa Dahmer. Anatafuta habari za Matthias Emmel, babu wa babu yake, aliyehama kijijini kwetu mwaka 1846 akapanda meli na mkewe "na watoto wao wote." Nimecheka peke yangu jikoni, kicheko kichungu. Wote! Na Apollonia je?

Nimemsomea Baba. Ana miaka tisini, masikio yake husikia yanachotaka — hili yamelisikia lote. Halafu: "Muulize kama waliwahi kuandika."

Hilo tu ndilo analotaka kujua kabla hajafa. Apollonia, binti wa Matthias, alikuwa bibi yake Baba, ndiye aliyemlea. Walipoondoka alikuwa na miaka mitatu, macho yanatoka usaha. Wakala wa meli akamkataa. Wakamwacha kwa mama yake wa ubatizo, Margarethe, wakasema mwakani tutamfuata. Alingoja miaka sabini na minane. Mchana hakuvua viatu hata siku moja, wasije wakamkuta hayuko tayari. Alipokuwa anakata roho aliviomba tena. Baba, kijana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyemvalisha.

Jumatano, 9 Septemba

Nimemjibu Nilsa. Mmoja alibaki, nimemwambia, na sisi ndio kizazi chake.

Nesi amekuja kumfunga Baba bendeji mguuni. Kagusia tena nyumba ya wazee kule mjini Simmern. Baba: "Humu nitatoka nimelala chali, dada, na wewe utabeba upande wa miguu." Nesi kacheka mpaka kadondosha mkasi.

Hawezi kuhama. Nyumba hii Margarethe alimrithisha Apollonia, naye akaturithisha sisi. Jina la Margarethe limechongwa kwenye boriti juu ya mlango. Baba hatoki bila kuligusa kwa vidole viwili. Mimi pia. Ni shukrani yetu kwa aliyemtunza mtoto wa watu.

Jumapili, 20 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nilsa ametuma nakala ya cheti cha ubatizo, padri wao ameipiga taipu. Mtoto wa Matthias Emmel, kazaliwa kule Brazili Desemba 1847. Jina: Apollonia. Ndiye mama wa babu yake Nilsa.

Apollonia! Zamani hapa kwetu jina la mtoto alipewa mdogo wake pale tu mkubwa alipokufa. Kitabu cha kanisa kimejaa hao: Johann, msalaba, Johann, msalaba, Johann wa tatu akaishi. Lakini aliye hai hanyang'anywi jina. Mwaka mmoja na nusu tu, wakamhesabu maiti. Naye yupo hapa, anakula, kavaa viatu, anawangoja.

Mshenzi mkubwa wewe, Matthias. Nimelia kama mtoto mdogo, kichwa kwenye meza, unga wa keki mpaka kwenye nyusi. Baba akauliza kuna nini. Vitunguu, nikasema. Kwenye keki ya plamu! Cheti nimekificha chini ya kopo la unga.

Na kuna jingine. Nilsa anayo barua moja ya zamani iliyotoka huku kwetu. Imeandikwa kwa mwandiko wa kale, kwao hakuna anayeweza kuusoma. Mimi pia siwezi. Baba anaweza, huo ndio waliofundishwa wao shuleni. Anakuja nayo mwenyewe.

Jumamosi, 3 Oktoba

Nilsa amefika, gari la kukodi, mifuko ya kahawa, mabusu kwa kila mtu hadi kwa paka. Anaongea lugha ya hapa kijijini, ile ya zamani kabisa.

Baba mdomo wazi. "Ongea tena!"

"Niseme nini, Babu?"

"Chochote. Nitukane hata." Machozi yanamtiririka, kanigeukia mimi. "Loni, unamsikia? Ni bibi yangu huyu anaongea!"

Nimemvuta Nilsa kando, nikamwomba asitaje cheti. Kakubali. Lakini barua keshaitoa. "Babu, sisi huwa tunaibusu tu kila Krismasi. Hatujui inasema nini."

Kesho, kasema Baba. Anataka kunyoa kwanza.

Jumapili, 4 Oktoba

Kanyoa. Kavaa shati jeupe. Kasoma kwa sauti, kidole chini ya kila mstari.

Mpendwa Matthias. Mungu amemchukua Apollonia wetu tarehe nne Novemba 1846. Hakuteseka. Nimemzika na viatu vyake ulivyomnunulia. Msihangaike kurudi. — Margarethe.

Akairudia, na kwenye neno viatu akakwama hapo hapo. Akaitazama mikono yake. "Kamba nilizifunga mimi," akasema. "Kwa mikono hii."

Halafu Nilsa, taratibu: "Kwa hiyo bibi yetu alipewa jina la msiba. Walimlilia." Akaanza kulia yeye.

Hakuwa na mtoto, Margarethe. Alimtaka huyu. Na mimi nimemtukana Matthias wiki mbili nzima! Nisamehe, mzee wa watu.

"Kila Jumapili Margarethe akimwambia watakuja," Baba akasema. "Kula, watakuja. Lala, watakuja. Bibi alinisimulia mwenyewe." Halafu: "Loni, viatu."

"Unakwenda wapi, Baba? Mvua hiyo."

"Viatu!"

Nimempigia magoti, nimemfunga kamba. Tangu Pasaka hajatembea bila kushikwa. Leo katembea. Mlangoni mkono ulipanda wenyewe kuelekea kwenye boriti, ukafika katikati, ukashuka. Kaenda moja kwa moja kwenye gari la Nilsa, kakaa mbele, kafunga mlango.

Huu mwaka wa hamsini na tano naishi humu. Nilizaliwa chumba cha juu.

Nilsa kaenda na mwavuli, karudi kalowa. Anasema Baba kaapa hataingia tena kwenye nyumba ya mwizi, apelekwe Simmern kwa wazee. Baba kasema pia: "Na Loni avae viatu, asibaki humo."

Sasa ni saa kumi. Supu nimeipasha mara mbili. Kupitia dirishani naona shati lake jeupe, hageuki. Nilsa kasimama mlangoni na funguo za gari, ananingoja niseme neno.

Viatu nimeshavaa. Bado nimekaa.