Wimbo Uliopigwa Kichwa Chini

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nzito, zinazohitaji watu wawili kuzibeba. Mimi afya yangu ni chuma. Wewe je? Mkono wa kushoto bado umelala tangu kile kiharusi?

Gitaa lako limefika salama, pamoja na kitabu cha nyimbo za Renesansi, zile za Ulaya ya kale. Umeandika nimpe mtu atakayelitumia. Nimeshampa: mimi! Unacheka? Nimechomelea meli katika bandari kumi na moja, na zote zinaelea mpaka leo; nyuzi sita zitanishinda? Wiki mbili tu, nakuja kukupigia ule wimbo wa ukurasa wa tisa unaoupenda.

Mdogo wako, Fundi

11 Februari

Mdogo wangu,

Sijambo, nashukuru. Mkono ni ule ule. Miaka thelathini nimefundisha watoto wa watu muziki, leo hata kifungo cha blauzi nafungiwa. Sitaki kusikia gitaa ndani ya nyumba hii. Lipeleke shuleni, na tusilitaje tena.

Dada yako

19 Aprili

Dada mwenye hasira zako,

Hujambo? Mimi mzima, ila ncha za vidole zinauma kuliko cheche za kuchomelea. Shuleni sijaenda. Nitukane tu, huku sisikii.

Nafuata kitabu: uzi wa tatu nimeulegeza nusu sauti, kibanio cha kupandisha sauti nimekibana kwenye shingo ya gitaa. Kila wimbo umechorwa kwa mistari sita, na gitaa lina nyuzi sita, kila mstari na uzi wake. Mstari wa juu nimeupa uzi mwembamba, kama mtu yeyote mwenye akili. Lakini dada, hao watu wa kale walikuwa na masikio kweli? Jana nimewapigia wenzangu karakanani, msimamizi akauliza, "Nani kaacha jenereta linawaka?"

Niambie ukweli. Sina kipaji, au wimbo ndio mbaya?

Fundi wako

26 Aprili

Mdogo wangu mkaidi,

Hujambo, na vidole vyako? Nimecheka mpaka jirani akaingia bila hodi. Wewe! Kitabu hicho kimeandikwa kwa mtindo wa zamani: mstari wa chini ndio uzi mwembamba. Miezi miwili umeupiga wimbo kichwa chini miguu juu, na bado hukuacha! Wanafunzi wangu wengi wangekimbia siku ya pili.

Kosa ni langu. Ningekueleza mapema, kama nisingekukataza kulitaja gitaa.

Sasa sikia. Nilipokuwa napanga nikuandikieje, nikashtuka kuona mkono wangu wa kulia unadonoa ukingo wa meza, kama unaopiga nyuzi. Wimbo mzima, hadi mwisho. Tangu niugue sikuwahi kuujaribu mkono huo. Nilijua gitaa ni mikono miwili, basi. Kumbe nani kasema yote miwili lazima iwe yangu?

Wewe jifunze kubonyeza nyuzi tu, kwa mkono wako wa kushoto. Kudonoa niachie mimi. Tutakaa benchi moja, gitaa mapajani mwetu, na ole wako ukichelewa kuhamisha kidole! Hata kama umeshika mwanzo wa wimbo tu, njoo Jumamosi.

Usinijibu. Nikiona barua nitajua umeogopa.

Dada yako