Sukari Kidogo ya Baba

Masjala, Chumba Na. 6
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua na kwamba binamu zangu ni wazima. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Nilikupigia simu mara mbili nikakata kabla hujapokea, maana haya siwezi kuyasema kwa sauti. Barua inakuja na basi la mchana.

Kile kidonda cha ulimi, ambacho Baba alisema jino limemkwaruza, ni saratani. Daktari anasema bado ni kidogo, na kikikatwa mapema ana nafasi nzuri. Alikuwa apasuliwe jana. Hakupasuliwa, na sababu ni sisi.

Siku ya kulazwa nilipewa fomu nimjazie. Penye “magonjwa mengine” Baba akasema, “Andika hakuna.” Ana kisukari mwaka wa nane huu. Baba mdogo, Profesa wetu asiye na chuo, akadakia, “Ile ni sukari kidogo tu, mwanangu. Ukiitaja watamwogopa bure.” Nikaandika Hakuna. Mimi, karani ninayewarudishia watu wazima fomu zao kwa kukosa nukta, niliandika uongo kwa hati nzuri.

Jana asubuhi walimpima, sukari ikawa juu kupita kiasi. Profesa akamhutubia daktari kwamba mashine ni mbovu. Kuhusu sigara, akasema Baba ameacha. Kweli ameacha, tangu Jumapili, na pakiti ya mwisho aliileta yeye Profesa, kaiviringisha ndani ya taulo. Sijaona mtu anayeuvaa ujinga kama cheo namna ile.

Daktari hakubishana naye. Alinigeukia mimi. “Kukata nitakata. Kupona ni kazi ya mwili wake, na huo mmenificha.” Akanieleza kwamba watu wawili wenye uvimbe uleule hawaishi sawa. Sukari isiyotulia huchelewesha mshono kufunga. Sigara huendelea kumpunguzia mtu siku hata baada ya upasuaji. Na aliyekonda kama Baba hana akiba ya kustahimili mionzi ya tiba itakayofuata. Nyumbani kwetu hayo yote huitwa mambo madogo.

Nilimfuata daktari ofisini kwake nikamwambia kila kitu, hata pombe ya Baba. Baba alipojua alisema, “Umenianika kama nguo.” Sasa anakataa sindano za kushusha sukari. Anataka kurudi nyumbani, na Profesa ameshamfungia begi, kajaa furaha kama anayekwenda harusini. Nawadharau, Shangazi, unisamehe. Najidharau zaidi, kwa kuwa mimi nilijua.

Daktari anapita Ijumaa saa nne. Baba akikataa tena, nafasi yake anapewa mgonjwa mwingine, na uvimbe hautamsubiri. Wewe ndiye dada yao mkubwa, na Baba anakuogopa wewe tu. Mpigie kabla ya saa hiyo. Usimbembeleze. Akipokea Profesa, kata upige tena.

Jioni nampelekea supu. Jana aliipokea kwa muuguzi, si kwangu.

Nisalimie mumeo, na binamu yule anayesomea ushonaji. Mungu akuzidishie afya, na Ijumaa akurudishie ukali wako wote.

Ni mimi nikupendaye,
mtoto wa kaka yako