Siku tope lilipoinuka

Jumamosi, Mlandege, Iringa. Baridi ya Julai, na ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinauma.

Leo tope limeinuka.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana hata nyumbani Rujewa hawajaielewa. Ninasomea udongo wa chini ya bahari. Huko chini mabaki ya viumbe huoza ndani ya tope na kutoa gesi. Tope likiwa laini na limeshikana, gesi haipati pa kutokea. Inajikusanya, inasukuma, sakafu ya bahari inavimba, na mara nyingine inapasuka na kuacha shimo. Anayetaka kulaza bomba au nyaya za mawasiliano huko lazima ajue mahali panapoweza kuvimba.

Bahari iko mbali sana na Iringa. Mimi nina boksi la kioo, maji ya chumvi, tope la kwenye majaruba ya mpunga ya baba nililolichekecha mwenyewe, na mpira mwembamba wa kuingizia hewa kwa bomba la sindano. Mwalimu anayenisimamia alishaniambia: jaribio lisipokubali mwezi huu, nitafute mada nyingine.

Tulianza wawili, mimi na mwanafunzi mwenzangu, Atu wa Tukuyu. Yeye alishika taa na simu ya kurekodi, mimi nikisukuma hewa. Kila mara hewa ilipenya pembeni, kati ya tope na kioo, ikatoka zake. Tulicheka tu, tukakoroga upya. Kabla ya Pasaka akapata kazi mgodini Chunya, akaenda.

Leo simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, nikasukuma hewa taratibu. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha katikati pakaanza kupanda, nundu ndogo ya mviringo, laini kabisa. Ikasimama hivyo. Halafu ufa mwembamba ukajichora juu yake, mapovu yakatoka, nundu ikazama na kuacha kishimo.

Nikageuka kumwambia mtu. Hakukuwa na mtu.

Nilimpigia Atu, hakupokea. Nikatoka uani nikamkuta mama mwenye nyumba, Mama Tumaini, akianua nguo ambazo hazijakauka.

"Kamwene, mama. Njoo uone kitu."

Akaja, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kitenge mabegani. Nikamwonyesha video.

"Hilo ni tope?"

"Ndiyo, mama."

"Limeumuka kama unga wa maandazi." Akanitazama. "Na wewe umefurahi?"

Nikasema ndiyo, nikainama kufuta kioo kilichokuwa safi. Akajifanya anatazama dirishani.

"Basi hongera, mwanangu," akasema, akaenda zake kwenye mazoezi ya kwaya.

Jioni Atu akapiga. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma. Nikamsimulia yote kwa haraka, nikiogopa asije akakata.

"Safi, Rehema. Umeweza."

"Sasa utarudi lini tumalizie?"

"Mimi sirudi. Nilidhani unajua. Huku nimeshaanza maisha yangu."

Nikamwambia najua.

Nilikuwa sijui.

Tangu hapo nimekaa mbele ya boksi, maji yametulia, na ninaandika haya ingawa ninaona aibu. Miezi yote hii nilijiambia nahangaikia digrii. Kumbe nilikuwa nangoja tope liinuke ili nipate sababu ya kumrudisha Atu.

Mwalimu niliyemtumia video naye amejibu. Ameipenda, ila jaribio moja halitoshi, nirudie.

Sijui kama kazi hii naipenda, au nilipenda tu kuifanya na Atu. Nimeloweka tope jingine kwenye ndoo. Kesho nikitoka kanisani nitalimimina kwenye kioo, nisukume hewa mwenyewe, nione kama bado nitatamani kulitazama.