Mama Ermelinda Alizaa Watoto Sita Mwaka Mmoja

Jumatatu, 24 Machi 2025

Chefe Aurélio, mkuu wa ofisi yetu, kaniita kabla sijaweka mkoba. Tarehe 7 Aprili, Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, ofisi itamuenzi Mama Ermelinda kule Quitunda. Kutakuwa na tenti, spika, cheti ndani ya fremu, na mgeni kutoka ofisi ya usajili wa vizazi. Mimi niandike maisha yake, ukurasa mmoja. Kwa nini mimi? Kwa sababu nachapa haraka, na kwa sababu ni mama yangu. Akaongeza nisilie juu ya kompyuta, ni mpya.

Mama alifariki Januari. Mpaka leo nikisonga ugali nasonga wa watu kumi na tano. Kisha nakaa nautazama.

Kuna fomu. Jina: Ermelinda. Alizaliwa: 1953, Mueda. Kazi: mpishi wa shule. Idadi ya watoto aliozaa: —

Hapo nimekwama. Hakuzaa hata mmoja. Kwenye sédula, vyeti vyetu vya kuzaliwa, ni mama wa watu thelathini na mmoja, nami nimo. Aliniokota soko la Mocímboa nikiwa na miaka kama minne, nimekumbatia kichwa cha samaki. Alisema nilikataa kukiacha, basi akatubeba wote wawili.

Kisanduku cha kulea hakipo. Nimetafuta hadi nyuma ya karatasi.

Alhamisi, 27 Machi

Leo wadogo zangu tisa wameongeza mwaka. Wote tisa, siku moja! Tumepika keki moja, tukaimba majina yote, mshumaa ukaisha kwenye jina la nne.

Nimekwenda kwa Mzee Raimundo, aliyekuwa sekretario wa mtaa, ndiye aliyetia saini karatasi zao. Nikamuuliza ilikuwaje. Hana wasiwasi hata kidogo. Machi 2021, ile ya kukimbia vita, Mama alikuja na watoto tisa nyuma yake. Mzee akauliza wamezaliwa lini. Mama akajibu: leo. Akaandika leo.

Na mwaka je?

Alitazama meno, anasema. Aliyeng'oka meno ya mbele ana miaka saba. Vibogoyo walikuwa wanne, akawaandika 2014. Juni akaletwa mwingine, Agosti mwingine tena, nao vibogoyo. 2014. Nikamwambia, Mzee, umemzalisha mama yangu watoto sita mwaka mmoja. Akafikiri kidogo. Akasema meno hayadanganyi.

Jumanne, 1 Aprili

Chefe ameona thelathini na mmoja kwenye sajili. Nilidhani atawaka. Amefurahi!

Shida ni bango. Wafadhili wameshalichapa: UZAZI WA MPANGO, FAMILIA YENYE AFYA. Nikamwuliza kwa upole kama mama wa watoto thelathini na mmoja anakaa vizuri chini ya maneno hayo. Chefe ametoka Zambézia mwaka jana, hana mke, ana diploma. Akanieleza kwamba kuzaa sita kwa mwaka bila kupoteza hata mmoja ni mpango mkubwa sana, tena wenye nidhamu.

Nikamwambia 2014 Mama alikuwa na miaka sitini na mmoja. Akasema mwanamke wa Msumbiji ana nguvu. Akarudi kwenye chai yake.

Ijumaa, 4 Aprili

Sasa si mchezo tena. Dona Cristina wa usajili amenipigia. Ndiye mgeni wa Jumatatu. Ameusoma ukurasa wangu na hakucheka. Sajili zote zinaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta imegoma kwa Ermelinda. Mtoto mkubwa lazima atie saini: nani hasa kazaliwa na Mama. Wengine waandikiwe mama zao halisi. Asiye na mama wa kweli kwenye karatasi, sédula yake inafutwa. Ukiandika uongo, jela.

Mtoto mkubwa ni mimi.

Mdogo wangu Leonel ana mtihani wa darasa la kumi. Bila sédula haingii chumbani. Gildo, mdogo wangu mwingine, anabeba abiria kwa pikipiki, leseni ndiyo sahani yake. Na mimi mkataba wangu umesimama juu ya karatasi hiyohiyo.

Gildo kaja mbio. Andika mapacha, dada, kasema, mapacha sita. Nikamwambia wanne ni Machi, mmoja Juni, mmoja Agosti. Akasema basi hao wawili walichelewa kutoka.

Nimecheka mpaka tumbo likauma. Kisha nikaogopa. Naogopa kweli.

Jumapili, 6 Aprili

Nimejaribu kuandika ukweli. Mistari thelathini na mmoja, kila mmoja na jina la mama aliyemzaa. Nimejaza miwili. Mstari wangu ni mtupu. Huo ukweli wenyewe siujui.

Nimemkasirikia Mama. Kwa nini hakuuliza? Kila mtoto aliyefika alimshika shingo, akaikagua kama ina uchafu, akauliza: umekula? Basi. Ukila ulikuwa wake, na kesho yake unagombezwa kama uliyezaliwa humo. Nilimwuliza mara moja, mimi ni wa nani. Akaniambia nenda kateke maji.

Nimemlilia leo kuliko siku ya mazishi.

Jumatatu, 7 Aprili

Saa nne. Tentini. Niko meza ya mbele kama mwandishi wa kumbukumbu, kwa hiyo hakuna anayeshangaa nikiandika.

Bango lipo juu. Chini yake picha ya Mama, amekunja uso kama aliyeona mtu hajanawa. Chefe amesoma ukurasa wangu. Pale nilipoacha wazi amejaza mwenyewe: amezaa thelathini na mmoja, bila operesheni hata moja. Vigelegele. Kisha kataka watoto wa Mama wasimame wapigwe picha.

Tumesimama. Safu ya nyuma nayo ikasimama. Wanawake wa kisimani. Mwalimu wa darasa la pili. Dereva wa Chefe — kumbe alikula kwetu miaka miwili! Mzee Raimundo kasimama na mkongojo, naye kamzidi Mama umri. Jirani kamvuta shati akae. Kagoma. Anasema alipougua malaria ni nani alimwogesha. Mpiga picha amerudi nyuma mpaka katoka nje ya tenti.

Dona Cristina hapigi makofi. Alikuwa anahesabu kwa kidole, ameacha. Amekuja mezani na karatasi yake, ameinama. Anasema kwa sauti ya chini kompyuta inafungwa leo saa tisa. Hatauliza mtu mwingine yeyote, atachukua neno langu. Niandike waliozaliwa na Ermelinda, nianze na jina langu.

Leonel ananitazama. Gildo anatazama viatu vyake. Dona Cristina anaona mkono wangu unakwenda kwenye daftari hili, anadhani nimeshaanza.

Nimemwuliza karatasi ina mistari mingapi. Kumi na miwili. Nimemwambia haitoshi, alete nyingine. Ameuliza ngapi. Nimegeuka nyuma nimwambie, na watu bado wanazidi kusimama