Aliyeketi Chini ya Mnara

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Shemeji na watoto hawajambo? Na mgongo wako, umetulia? Sisi tu wazima wa mwili. Moyo ndio hautulii, na kwenye simu ningelia tu, kwa hiyo nakuandikia.

Lile kanisa nililolichora, ambalo Baba ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, nililipenda kuliko makanisa na misikiti yote niliyowahi kuchora. Mnara niliuchora wa kimo cha wastani. Muhula ulipoanza nikabanwa na wanafunzi wangu chuoni, huku nyuma kamati ikauongeza kwa matofali mazito bila kuniambia. Nilipomuuliza Baba, alinijibu kwamba mnara mfupi ni kama kumnong'oneza Mungu.

Wiki iliyopita niliwapeleka wanafunzi wakajifunze pale. Mmoja wao, tunayemwita Kasuku kwa kupenda maneno, alishusha timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia kama ukuta umesimama wima, kutoka dirisha la juu. Uzi ulipaswa kuukaribia ukuta mpaka chini. Ulijitenga nao hata mkono wangu ukapita katikati. Nikasikia ukuta ukisaga ndani kwa ndani, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Niliwaita wakaguzi wa majengo, wakaamuru kanisa lifungwe na mnara ubomolewe. Waumini wakachachamaa, eti binti anamwonea baba yake wivu. Na Baba, kaka, alibeba kiti akaketi mlangoni, chini ya mnara ule ule, asibanduke. Wote tukasema mzee amekaidi, anataka wambomolee kichwani.

Jana asubuhi nilimfuata. Vumbi la plasta lilikuwa linamdondokea mabegani. Nilisahau hata kumwamkia. Nikapiga magoti, nikamwambia ni mimi niliyewaita wakaguzi, aniadhibu nyumbani, ila atoke.

Akanitazama kwa upole. "Najua, mwanangu. Ufa niliuona kabla yako."

Aliuona siku moja kwaya ikifanya mazoezi ndani, akaona haya kusema, kwa kuwa ni kamati yake iliyouongeza mnara. Sasa wanakwaya walikuwa wameapa kuingia kwa nguvu, naye alijua hakuna atakayethubutu kumruka mzee mlangoni. Kumbe hakuwa akiwazuia wakaguzi, kaka. Alikuwa akiwazuia wale watoto wa watu.

Tuliufunga mlango kwa mnyororo, nikamshika mkono. Tulikuwa ndiyo kwanza tunafika ng'ambo ya barabara mnara uliposhuka. Sikugeuka. Niliuona usoni mwa Baba.

Hakuna aliyeumia. Lakini mlango ukibamizwa tu, Baba anaruka, na mimi naruka pamoja naye. Leo kamati imekuja kuniomba nichore upya. Nimekubali, ila penseli haikai mkononi. Watu bado wanamwita mkaidi, naye amenisihi nisiwakanushie, anaona ni heri jina hilo kuliko ukweli. Wewe peke yako ndiye nimekuambia, nawe usimwonyeshe kwamba unajua.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto. Ukijaliwa safari, usipitie kanisani. Njoo moja kwa moja nyumbani, ukae naye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.