Mimi ni wa Akiba

Alhamisi, 6 Machi 2025
Majibu yametoka. Mimi na mdogo wangu Mitchell tulipimwa damu, ionekane nani anafaa kumsaidia Mama. Anayefaa — Mitchell! Nimempeleka Mama kliniki mara arobaini na tatu. Mitchell, mara nne. Nimehesabu.

Daktari Nyawira anasema haihusu nani alikuja. Watatoa chembe walinzi kwenye damu ya mmoja wetu, wanaziita NK, wampe Mama zipigane na saratani ya damu. Zangu zikikutana na saratani yake zitaiona ni ya nyumbani, zipite. Mitchell amerithi kitu kwa Baba ambacho Mama hana. Zake zitaona mgeni. Zitaua.

Yaani kosa langu ni kufanana na Mama! Eti nisijali, mimi ni wa akiba, Mitchell akishindwa watachukua zangu.

Jumatatu, 10 Machi
Mama ameanza kemo, dawa kali za kuandaa mwili upokee chembe. Chembe nyeupe: 4.1. Mitchell amehamia kwangu hapa Ruiru, asiambukizwe homa na watoto wa ploti wanayopanga kule Witeithie. Nimempa kitanda changu. Mama akapiga simu: "Perez, Mitch wangu amekula?"

Amekula. Chapati nne na maini. Mimi nimeshona sketi kumi na moja za shule. Hakuna aliyeuliza.

Jumatano, 12 Machi
Mama: 0.3. Hana kinga. Hata homa ndogo inaweza kummaliza. Kesho saa nne Mitchell anawekwa kwa mashine atolewe chembe.

"Sis, si ulisema mimi ni mzigo? Ona sasa, mzigo ndio dawa."

Akacheka. Nikacheka pia. Nikajidunga kidole na sindano ya kushonea.

Alhamisi, 13 Machi
Saa kumi na mbili asubuhi. Mitchell amekohoa. Mara mbili. Nimempima joto: 37.2. Anasema ni vumbi la vitambaa vyangu. Inawezekana — hata mimi hukohoa humu.

Nilipomsikia, nilifurahi. Kidogo tu. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Halafu nesi Kahiga wa kliniki akapiga simu, namba yangu ndiyo iko kwa faili. Homa? Hapana. Kuhara? Hapana. Kikohozi? Akasema kikiwepo hakuna muda wa kupima tena, wanachukua wa akiba.

Wa akiba, ambaye chembe zake zitapita tu. Na nikinyamaza, na kumbe si vumbi, si Mama ataambukizwa? Mama leo ni 0.1.

Mitchell yuko mlangoni, viatu ameshavaa. "Perez, tafadhali. Usinifanyie hivyo, ni vumbi tu."

Nimemwambia Kahiga nitampigia baada ya dakika tano. Zimebaki mbili.